Kidhibiti Bubu

4 Februari

Kwa duka la vifaa vya rimoti, kwa mkono wa binti yangu anayefanya kazi humo.

Cheche mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanisumbua kwenye ngazi, kwa hiyo siku hizi nashinda jikoni na jikoni kumegeuka karakana. Meza ya kulia imebeba boti. Ni ile ya kuvuta meli, fupi, yenye kifua kipana, nimeichonga mwenyewe na kuipaka rangi nyekundu chini na nyeusi juu. Mama yako angekuwepo tungefukuzwa wote wawili, mimi na boti. Kwa sasa nakula nimesimama.

Nimekwama mahali. Mota ninayo, ile isiyo na brashi, yenye nyaya tatu. Betri ninayo. Kinachonishinda ni kile kidude cha katikati kinachoiambia mota izunguke kwa kasi gani, kidhibiti mwendo. Hapa mtaani muuza redio aliniuzia kimoja akaniapia kwamba vyote ni sawa. Nikakifunga, nikaitia boti kwenye beseni la kufulia. Ikaenda mbele, ikagonga ukingo wa beseni, ikaendelea kuusukuma. Nikavuta kijiti cha rimoti nyuma, haikunijali. Baadaye nikavaa miwani nikasoma ubavuni mwa kidhibiti, kumbe ni cha ndege. Ndege haina shida ya kurudi nyuma, hilo nalielewa. Lakini boti ya kuvuta meli isiyopiga rivasi ni ya kazi gani?

Wewe unauza vitu hivi kila siku. Nichagulie. Nichukulie kama mteja yeyote, usinipendelee.

Niandikie tu, usipige simu. Spika ya simu yangu imekufa, na yale maandishi ya kwenye kioo ni madogo kama mayai ya sisimizi. Boti ni zawadi ya mjukuu, ndiyo maana nataka iwe boti kweli na si pambo la kabatini. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Baba yako


15 Februari

Kwa mteja wetu,

Tumepokea barua yako na tunashukuru kwa kutuamini. Ni kweli, kidhibiti cha ndege hakifai. Muuza redio wako abaki na redio.

Kabla hatujakuchagulia tunaomba utueleze mota yako inakula ampea ngapi ikiwa ndani ya maji. Usitupe hesabu ya hewani. Hewani mota yoyote inajidai. Maji ni mazito, propela ikianza kuyasukuma mota inakula umeme maradufu, na kidhibiti kidogo kinaungua nawe unabaki unanusa moshi. Ifunge boti kwa kamba kwenye hilo beseni, sukuma kijiti mpaka mwisho, ndipo upime. Tutakupa chenye uwezo wa nusu zaidi ya utakachopata.

Tueleze pia betri ni ya asidi au ya lithiamu. Kidhibiti kinailinda betri kwa kukata umeme inaposhuka. Kikidhani betri ni ya aina nyingine kitakata mapema, boti iko katikati ya bwawa na wewe uko ukingoni na viatu vyako vikavu. Na mwisho, je, ni boti ya mbio au ya kuvuta? Ya mbio ingehitaji kidhibiti chenye mirija ya kupozwa kwa maji. Ya kuvuta haina haja na hayo, inataka kidhibiti kinachoanza taratibu bila kushtuka na chenye rivasi inayoitikia hapo hapo.

Tunasubiri majibu yako.

Dawati la Ushauri


15 Februari (haikutumwa)

Baba,

Shikamoo. Ile barua nyingine nimeiandika kwa lugha ya duka kwa sababu ya kwangu ilikataa kutoka. Umesema nikuchukulie kama mteja yeyote. Basi nimekuchukulia.

Unasema niwasalimie wote hapo nyumbani. Wote gani, Baba? Nakaa chumba cha juu ya stoo ya duka. Kuna kitanda, kuna jiko la mafuta, kuna dirisha linaloangalia ukuta wa mtu mwingine. Nikitaka kumsalimia mtu inabidi nishuke.

Mwaka jana, siku niliyohama, nilikupigia nikiwa nimekaa juu ya begi kwa sababu viti vyote vilikuwa vya mume wangu. Nilikuambia, "Baba, mimi na mwenzangu tumeachana." Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia katika ukoo mzima, na mpaka leo hakuna wa pili, hata kaka hajui. Kisha ukasema, "Hongera sana, mwanangu. Nimeisubiri sana siku hii." Ukasema utanipigia, ukakata. Hukunipigia.

Nilijua mkweo hakukukaa rohoni. Sikujua kwamba ulikuwa unasubiri niachike ndipo ufurahi. Hakuna mtu niliyemtegemea siku ile zaidi yako, na neno ulilonipa ni la kumpa mtu aliyefaulu mtihani.

Sitaituma hii. Nitatuma ile ya dawati.


27 Februari

Kwenu watu wa dawati, na kwako Cheche unayejificha nyuma yao,

Marahaba. Najua hamkuniandikia shikamoo, lakini nimeitikia hivyo hivyo, huenda iliangukia posta.

Nimepima kama mlivyoagiza. Nimeifunga boti kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa meza, beseni likiwa sakafuni, nikaminya kijiti mpaka mwisho. Maji yalinirukia mpaka kwenye shati. Inakula ampea ishirini, ikizidi kidogo tu. Betri ni ya lithiamu, seli tatu. Na ni boti ya kuvuta, haikimbizwi na mtu.

Jambo jingine, hujanipa jina. Nimeacha nafasi ubavuni, nimepiga mistari kwa penseli, hata likiwa refu linaingia. Rangi nyeupe ninayo, lakini kopo likishafunguliwa linakauka, kwa hiyo nisije nikalifungua kwa kubahatisha. Niandikie jina kwa herufi kubwa nisikosee.

Nyumba hii imenyamaza sana siku hizi. Juzi bomba la jikoni lilipasuka nyuma yangu na mimi nimekaa napiga msasa, sikujua mpaka nilipokanyaga maji. Jirani ndiye aliyekuja kulifunga, alikuwa amekasirika sijui kwa nini, anatikisa mlango na mikono yote miwili.

Wasalimie, hasa yule mdogo wenu.

Baba yako


10 Machi

Kwa Baba,

Kwenye boksi hili utakuta kidhibiti chako. Ni cha ampea thelathini, kina rivasi, hakiogopi maji kidogo, na nimekipaka gundi mwenyewe pale nyaya zinapoingia. Sijui "mdogo wetu" ni nani. Kama ni yule kijana wa stoo, nimemsalimia, ameshangaa.

Sasa soma polepole kwa sababu hapa ndipo wengi wanapovuruga. Ukiunganisha betri huku kijiti kikiwa katikati, utasikia milio mifupi, mmoja kwa kila seli. Kwako itakuwa mitatu. Kisha mlio mmoja mrefu, maana yake kiko tayari.

Lakini kimetoka kiwandani rivasi ikiwa imefungwa. Kuifungua, zima kila kitu, washa tena kijiti kikiwa juu kabisa, usubiri. Milio itakuja kwa mafungu. Fungu la mlio mmoja ni la breki. La miwili ni la aina ya betri. La mitatu ndilo la rivasi. Ukisikia fungu la mitatu tu, rudisha kijiti katikati papo hapo. Ukichelewa utakuwa umebadili kitu kingine na hutajua ni kipi. Siri yote ni kusikiliza.

Jina la boti chagua mwenyewe. Mimi sina jina la kukupa.

Mwanao


24 Machi

Cheche,

Kidhibiti mlichonitumia ni bubu. Nimekiunganisha kama ulivyoandika, karatasi yako iko mbele yangu na jagi juu yake isipeperuke. Hakuna mlio mfupi wala mrefu. Nimeinamisha kichwa mpaka sikio likagusa boti. Nimezima feni. Nimefunga dirisha. Kimya. Nakirudisha kwenye boksi lake, mkipime wenyewe, mniletee kinachosema.

Kuhusu jina, sawa. Nilidhani ni haki yangu, kumbe sivyo. Nitaacha ubavu wazi. Sikutegemea utaniandikia maneno yale, lakini wewe ni mtu mzima na una sababu zako.

Huenda unajiuliza kama bado naenda bwawani na wale wazee wenzangu wa boti. Siendi. Wanaongea wote kwa wakati mmoja, huyu anasema wale wanacheka, na mimi sina hamu na vichekesho siku hizi. Boti hii nitaijaribia kwenye beseni, na ikishindikana kwenye beseni itakuwa imeshindikana.

Baba yako


5 Aprili

Baba,

Nimekipima. Kimelia mpaka mwenye duka akachungulia kuuliza kama nimeanza kufuga vifaranga. Milio mitatu, kisha mrefu, kisha nikaingia kwenye mafungu, yote yapo. Sikutaka tubishane, kwa hiyo nimechukua kingine kipya, nimekijaribu mara mbili kwa mkono wangu, nacho kiko kwenye boksi hili. Fuata karatasi ile ile.

Sasa nina la moyoni, nalo si la duka. Simu yako haijafa. Naipiga inaita mpaka inakata. Kaka anasema akija kukuona anaikuta mezani, imejaa chaji, na wewe unaipita kama haipo. Kama hutaki kusikia sauti yangu, sema, nitaelewa kuliko kuambiwa habari za spika.

Nilikupigia siku ile nikiwa na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kubeba. Nilikuchagua wewe kwanza. Jibu ulilonipa bado nalala nalo na kuamka nalo. Halafu unaniandikia eti ulidhani ni haki yako kupewa jina. Jina la boti, Baba? Hilo ndilo linalokuuma?

Sitaki kugombana. Funga kidhibiti, umpe mtoto wa kaka boti yake, tumalize.

Mwanao


18 Aprili

Cheche,

Hiki nacho ni bubu. Labda duka lenu limeletewa mzigo mbovu, mwambie mwenye duka aangalie. Ajabu ni kwamba mota inazunguka vizuri, hata kwa mwendo mdogo haitetemeki, boti inasogea kwenye beseni kama ina adabu. Lakini ni mbele tu. Rivasi siwezi kuifungua kwa sababu hakuna mlio wa kuhesabu. Kubahatisha nimebahatisha, na sasa inakata umeme kabla ya wakati, nadhani nimegusa ile ya betri.

Mtoto wa kaka yako ana miguu mirefu kuliko yangu na hana habari na boti. Sijui kwa nini unamtaja.

Kuhusu siku ile, mimi sielewi kosa langu. Nilikujibu hongera na leo nakujibu hongera. Baba gani asingefurahi? Nilipokata simu nililia, kama unataka kujua, nililia kwa furaha hapa hapa jikoni, kisha nikanawa uso nikatoka. Kama kuna mtu amekuambia kwamba mzee hakutakiwa kufurahi kiasi kile, nionyeshe huyo mtu.

Simu sipokei kwa sababu simu inaniudhi. Hilo halina maana nyingine.

Baba yako


27 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliichana. Kisha nikaokota vipande nikaviunga kwa gundi ya karatasi, kwa ajili ya sentensi moja. Uliandika kwamba mota inazunguka vizuri.

Nilipaswa kukuambia mwanzoni, nikasahau kwa sababu kwetu hapa ni jambo la kawaida. Kidhibiti hakina spika. Ukikipasua hutakuta popote pa kutolea sauti. Kinacholia ni mota yenyewe. Kidhibiti kinaitikisa kidogo kidogo kupitia zile zile nyaya tatu, na kule kutikisika ndiko tunakokusikia kama mlio. Kwa hiyo mota yako haiwezi kuzunguka kabla ya kulia. Ikiwa ilizunguka, ililia kwanza. Ililia na kidhibiti cha kwanza na ikalia na cha pili.

Nimeshinda na jambo hili kazini. Wateja wananiita naitika bila kujua nani kaniita. Nimerudia barua zako zote. Bomba lilipasuka nyuma yako ukiwa umekaa pale pale. Jirani alikuwa anatikisa mlango, Baba, kwa sababu alikuwa amegonga muda mrefu. Wazee wa bwawani wanacheka na wewe huna hamu na vichekesho, wewe uliyekuwa ukinichekesha mpaka chai inatoka puani. Na kazi yako ilikuwa chumba cha majenereta, maisha yako yote, bila kitu masikioni zaidi ya kofia.

Tangu lini husikii?

Sikuulizi kwa kukulaumu, na kaka sitamwambia, hilo ni lako kusema. Naomba tu usinijibu habari za spika.

Kuhusu rivasi, fanya hivi. Toa propela kwanza, nakujua, usiniambie utakuwa mwangalifu. Kisha ishike mota kwa vidole viwili, taratibu, uunganishe betri. Milio utaihisi kwenye ngozi. Mifupi itagonga, mrefu utakereketa. Hesabu kwa vidole badala ya masikio. Kila nilichokuandikia kwenye ile karatasi kiko pale pale, nilikosea neno moja tu, pale nilipokuambia usikilize.

La mwisho, na hili ndilo lililonifanya nisiweze kula. Siku ile nilipokupigia, ulisikia nini?

Cheche


9 Mei

Cheche,

Milio ipo. Nimeishika mota kama ulivyosema na imenigonga vidoleni, mitatu mifupi, kisha ule mrefu ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Nikakata betri nikaunganisha tena. Nikakata nikaunganisha. Nimefanya hivyo mpaka vidole vikafa ganzi, mtu mzima na akili zangu. Rivasi imefunguka na betri nimeirekebisha.

Sasa la masikio. La kushoto liliondoka zamani, nikiwa bado kazini, sikulijali kwa sababu la kulia lilikuwepo. La kulia lilianza kuniaga mwaka juzi. Mtu akiongea ni kama yuko nyuma ya godoro. Herufi zinadondoka, zinabaki zile za kuvuta, a, e, u, na mimi naziunga mwenyewe kutengeneza neno. Ana kwa ana nasaidiwa na midomo yao na mara nyingi napatia. Kwenye simu hakuna midomo.

Kaka yako alishasema siku nikianza kushindwa nitahamia kwake, chumba cha nyuma. Mke wake ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini najua nitakavyokaa. Nitakuwa mzee wa kwenye kona anayepigiwa kelele wakati wa kula, halafu wanachoka kupiga kelele. Hapa angalau kimya ni changu na meza ni yangu. Ndiyo maana nikanyamaza.

Bwawani niliacha kwenda kwa aibu. Mmoja wetu alikuwa anasimulia, wengine nikaona meno yao, nikajua ni kichekesho, nikacheka kwa nguvu. Kumbe hawakuwa wanacheka, walikuwa wamekunja nyuso, jua lilikuwa linawapiga machoni. Alikuwa anaeleza jinsi mke wake alivyokufa. Hakuna aliyenisema. Walinitazama tu. Nikabeba boti yangu ya zamani nikaondoka, na sijarudi.

Sasa swali lako. Siku ile nilisikia hivi: "Baba, mimi na mwenzangu tumepata mwana."

Nikasema hongera. Nikasema nimeisubiri sana, kwa sababu nilikuwa nimeisubiri, miaka yote mliyokaa bila mtoto na mimi sikutaka kuuliza nisije nikakutonesha. Nikakata haraka kabla hujasema jingine nikalisikia vibaya nikaharibu furaha. Nikatoka siku ile ile kwenda kutafuta mbao. Hata kaka yako sikumwambia, nikingoja utangaze mwenyewe. Boti ni ya mtoto wako, Cheche. Jina nililokuwa nakuomba ni lake. "Yule mdogo wenu" ndiye huyo. Uliponiandikia kwamba huna jina la kunipa, nikajua nimenyimwa mjukuu, nikatafuta nilichokukosea sikukiona.

Lakini swali lako limenitoa jasho. Mtu haulizwi alisikia nini kama alisikia sawasawa. Niambie ulisema nini. Usinifiche na usizunguke, nimeshazungukwa vya kutosha na masikio yangu mwenyewe.

Baba yako


18 Mei

Baba,

Shikamoo.

Nilisema TUMEACHANA.

Nimelitamka neno hili mbele ya kioo nikiangalia midomo yangu, kisha nikalitamka lile lako. Ukiyaondolea zile herufi zinazokudondoka yanafanana. Sina wa kumkasirikia, na nilikuwa nimezoea kukukasirikia wewe, sasa sijui niweke wapi mikono.

Hakuna mtoto. Hakuwahi kuwepo. Tulijaribu, na hilo nalo ni sehemu ya yaliyotuachanisha. Yeye ana nyumba, mimi nina chumba cha juu ya stoo, tangu mwaka jana. Barua zako zinanifikia dukani kwa hiyo hukuwa na jinsi ya kujua.

Nimekaa na hongera yako muda wote huu, nikiichukia, kumbe haikuwa yangu. Na leo nakunyang'anya mjukuu kwa karatasi. Nisamehe, Baba. Nilifikiria kukuacha naye. Nilifikiria kwa kweli, nikatafuta hata jina la kukutumia. Lakini ungetaka kumwona.

Cheche


26 Mei

Mwanangu Cheche,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma nimekaa, nikaisoma nimesimama, haikubadilika.

Sitakudanganya. Nimemlilia yule mtoto. Nilikuwa nimeshamzoea. Alikuwa na kichwa kigumu kama chako, na nilikuwa namfundisha kushika rimoti kwa vidole gumba viwili, anakataa, anataka kutumia mikono yote. Nilikuwa naongea naye hapa nikipiga msasa. Yeye pekee nilikuwa namsikia vizuri. Ulifanya sawa kutoniachia naye.

Kisha, nikiwa katika kumlilia, nikakukumbuka wewe, na nikaona aibu kwamba nimekukumbuka wa pili. Kwa sababu mimi nimempoteza mtu wa kufikirika kwa muda wa barua moja, na wewe ulimpoteza mume, na mtoto mliyekuwa mnamtafuta, na nyumba, ukampigia baba yako, na baba yako akakupongeza. Kisha ukaenda kazini ukawa unamchagulia baba huyo huyo kidhibiti, ukakipaka na gundi.

Pole, mwanangu. Ndilo neno lililotakiwa siku ile na sikuwa nalo kwa sababu nilikuwa nimeshika jingine. Pole sana. Wewe hukushindwa kitu.

Kaka yako nimemwambia habari za masikio mwenyewe, nikamwandikia na kwenye karatasi asijifanye hakuelewa. Amekuja mbio, ametoa vitu vyangu kabatini, mimi nimevirudisha. Tumefanya hivyo mara kadhaa bila kusema neno, mpaka mke wake akaingia akamwambia akae chini. Nitabaki hapa. Jirani atakuwa anazima na kuwasha taa ya barazani akitaka kuniita. Habari zako sijampa, hizo ni zako.

Nina ombi moja na usilikatae. Ile simu ilikuwa yako, na mimi niliikata ikiwa haijafika popote. Niandikie yote. Anza pale uliposema "Baba". Niandikie ulikuwa wapi, na nani alikuwa karibu, uliyoyasema, na yale uliyokuwa umeyapanga kusema kama ningekuuliza kulikoni. Niandikie na mahali ulipolia, usiparuke kwa kunihurumia. Hata kurasa zikijaa, mimi nina meza na nina muda, nami nitasoma neno moja moja kwa kidole mpaka uwe umemaliza kusema.

Baba yako